Shingo Yako Inageuka Nyuzi Ngapi?

Maswali ya wasomaji, yanajibiwa na mtaalamu wetu wa fiziotherapia

Mwezi huu barua za shingo zimezidi za magoti, jambo ambalo sijaliona tangu nianze safu hii. Nimechagua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu, maana imegusa jambo ninalolipigania kazini mwaka wa 19 sasa.

Shikamoo mama. Mimi ni dereva wa bodaboda hapa Tanga, nina miaka 27. Mwezi uliopita walikuja vijana wa chuo kijiweni kwetu, wakasema wanatafuta watu wazima wasioumwa shingo wawapime. Hakuna sindano, hakuna kupigwa picha. Wakanivalisha kitu kama miwani chenye saa tatu ndogo, na mabegani wakanivisha kola ya sumaku. Karatasi niliyopewa inasema: kugeuka kulia 71, kushoto 64, kutazama juu 66, kuinama 52, kulaza kichwa kulia 43, kushoto 41. Mwenzangu yeye kulia kapata 80. Nimeingia mtandaoni nikaona imeandikwa kawaida ni 80. Tangu hapo sina raha. Je, nina ugonjwa? Na kwa nini wapimwe wazima wakati wagonjwa wamejaa hospitali?

Marahaba, mwanangu. Lala usingizi. Kwa namba hizo, na kwa kuwa huumwi, sioni ugonjwa wowote hapo.

Ile 80 uliyoiona ni namba ya kitabuni, na vitabu vyenyewe havisemi neno moja. Kipo kilichoandika kwamba shingo ya kawaida inageuka nyuzi 60 kila upande, kipo kilichoandika 80. Ukishika cha kwanza umevuka kiwango, ukishika cha pili umepungukiwa, na shingo ni ileile. Nyuzi hizi ni zilezile za kwenye kipimapembe cha shuleni: ukiangalia mbele uko sifuri, pua ikielekea sawasawa juu ya bega uko 90. Watu wazima wengi hawafiki 90 kwa shingo peke yake. Wanaodhani wanafika, mara nyingi wamezungusha na mgongo.

Sasa ngoja nikueleze kile kifaa, maana ukikijua utajua pia namba zake zibebe uzito gani. Saa mbili kati ya zile tatu zina sindano inayovutwa na uzito wa dunia, sawa na timazi ya fundi mwashi. Kichwa kikiinama, saa inainama nacho ila sindano inabaki imeelekea chini, na tofauti kati yao ndiyo pembe. Moja inasoma kuinama na kutazama juu, nyingine inasoma kulaza kichwa kuelekea bega. Lakini ukigeuza kichwa kulia na kushoto umekaa wima, timazi haisaidii kitu, kwa sababu hakuna kinachoinama. Hapo ndipo inapoingia saa ya tatu, ambayo ni dira. Kola ya sumaku ipo ili sindano ya dira ifuate mabega: ukiiba kidogo kwa kuzungusha kiwiliwili, sumaku nayo imezunguka na wizi wako hauhesabiwi.

Na dira ina adui mmoja, chuma. Mwaka wangu wa pili kazini niliwapima watumishi wenzangu 14 kwa siku moja, ndani ya chumba chenye kabati la mafaili la chuma. Karibu wote walitokea wanageuka zaidi kushoto. Nikaanza kujiuliza kama ni mkono wanaoandikia, kama ni dirisha walilokuwa wanalitazama siku nzima. Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa vifaa pale akaja na dira ya kawaida, akaishika kiganjani na kutembea nayo polepole kuelekea kabatini. Sindano ikaanza kuyumba hatua mbili kabla hajafika. Sikuwa na la kusema. Karatasi zote 14 nilizichana, kesho yake nikaanza upya nje, chini ya mwembe, kiti cha mbao, hakuna chuma karibu. Ule upande wa kushoto ukatoweka.

Nakuuliza basi: walikuketisha wapi? Kama ilikuwa hapohapo kijiweni, pikipiki zimepangwa pembeni yako, ile tofauti ya 71 na 64 nisingeiapia. Hata bila chuma, mtu yuleyule akipimwa asubuhi na akapimwa tena mchana, namba inaweza kupanda au kushuka nyuzi tano hivi bila shingo kubadilika chochote. Inategemea umekaaje, umeshapasha shingo au ndiyo unaanza, aliyekushika bega ni nani. Tofauti ya saba kati ya kulia na kushoto kwa kijana asiye na maumivu haininyimi usingizi, na wewe isikunyime. Huenda pia kazi yako inachangia: sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kabla ya kulipita gari unatupia jicho juu ya bega la kulia mara mia kwa siku. Hilo ni wazo langu tu, sijalipima.

Umeuliza kwa nini wapimwe wazima. Kiswahili chetu kimefanya vizuri hapa, neno moja limebeba maana zote mbili zinazotakiwa: wenye umri wa utu uzima, na wasioumwa. Nitakujibu kwa mtu mmoja. Aliletwa kwangu fundi mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa, wiki saba zilikuwa zimepita, picha zilishapigwa na mifupa ikaonekana haijavunjika. Nikampima kugeuka kushoto, 55. Nikafanya naye kazi miezi miwili, akafika 66 akagoma hapo. Yeye akaniuliza, "Nimepona au bado?" Nilimtazama sina jibu. Kama kabla ya kuanguka alikuwa anageuka 68, amepona. Kama alikuwa 80, tumeacha kazi njiani. Hakuna aliyewahi kumpima akiwa mzima, na baada ya ajali huwezi kurudi nyuma ukamchukua mtu wa jana.

Kilichobaki ni kumlinganisha na watu wengine wa umri wake. Na hao wengine ni akina nani? Mwaka 1992 wataalamu wa Minnesota, Marekani, walichapisha vipimo vya watu 337 wenye umri wa miaka 11 hadi 97, kwa kifaa cha aina ileile ya miwani. Kazi nzuri sana, naitumia mpaka leo. Ilionyesha kwamba shingo hupungua mwendo kadiri miaka inavyokwenda, na kwamba wanawake hugeuka na kutazama juu zaidi ya wanaume wa umri wao, isipokuwa kwenye kuinama. Lakini wale ni watu wa Minnesota. Hakuna aliyekua akibeba ndoo ya lita 20 kichwani kutoka bombani, hakuna aliyeshinda akitazama juu ya mnazi. Shingo zetu zina maisha yake, na haki yake ni kupimwa zenyewe. Ndiyo maana nawaheshimu vijana waliokuja kijiweni kwenu na kifaa chao, jua linawaka, kumbembeleza mtu asiyeumwa akae dakika kumi.

Umesema hukupigwa picha. Ni sahihi kabisa. Eksirei inaweza kuonyesha kila pingili inasogea kiasi gani, na zipo hoja za kitabibu za kuipiga. Ila mionzi haipigwi kwa mtu asiyeumwa eti kwa sababu tunataka namba. Kwa mzima, vifaa vinakaa juu ya ngozi na mwenye shingo ndiye anayegeuza. Karatasi yako usiitupe. Ipige picha na simu uiweke pamoja na picha ya kitambulisho chako.

Habari za kazi, dada. Mimi ni mwalimu wa hisabati, sekondari moja mkoani Iringa. Nataka kupima shingo yangu nyumbani, ikiwezekana niwafundishe na wanafunzi wa kidato cha pili kama mfano wa pembe. Vifaa vya hospitali sina. Nitumie nini?

Salama, mwalimu. Swali lako limenifurahisha kuliko yote ya mwezi huu.

Kaa kwenye kiti chenye mgongo ulionyooka, nyayo zote zimegusa sakafu, mgongo umegusa kiti, mikono mapajani. Geuza shingo taratibu mara tatu kila upande kabla hujaandika chochote, kwa sababu mzunguko wa kwanza siku zote ni mfupi. Namba utakayoandika iwe ya kufika mwisho kwa hiari yako, bila kujisukuma kwa mkono.

Kifaa cha kwanza ni futikamba ya fundi cherehani. Tafuta kwa kidole kile kishimo kilicho chini ya koo, juu kabisa ya mfupa wa kidari. Inama uwezavyo mdomo ukiwa umefungwa, mwenzako apime kutoka ncha ya kidevu hadi kishimoni. Wazima wengi kidevu kinagusa au kinabakisha nafasi ya vidole viwili. Kisha tazama juu, apime tena kutoka palepale hadi palepale. Kwa kugeuka, apime kutoka kidevuni hadi ncha ya mfupa wa bega unakogeukia. Kwa kulaza, kutoka chini ya sikio hadi bega hilohilo, na hapa amtazame sana mpimwaji, maana bega lina tabia ya kupanda juu kulifuata sikio, halafu sentimita zinapungua ilhali shingo haijafanya kazi. Ukumbuke futikamba haitoi pembe. Mwenye shingo ndefu na mwenye shingo fupi hawalinganishwi kwa sentimita. Inafaa kukulinganisha wewe wa leo na wewe wa mwakani.

Cha pili ni simu. Simu nyingi siku hizi zina pimamaji ndani yake, ileile kazi ya pimamaji ya fundi, ila inakupa nyuzi. Kwa kuinama na kutazama juu, mwenzako aishike ubavu wa kichwa, juu ya sikio, asome mwanzo na mwisho. Kwa kulaza kichwa, aisimamishe kwenye paji la uso. Kwa kugeuka usikae: lala chali bila mto, simu ilale kwenye paji la uso, ndipo ugeuze. Ukilala, kugeuka kunakuwa kuinama kwa simu, na uzito wa dunia unarudi kazini. Wanafunzi wako wakielewa kwa nini lazima mtu alale, wameshaelewa nusu ya somo la pembe.

Cha tatu ni kipimapembe kikubwa kile cha ubaoni, cha mbao. Mwanafunzi akae, wewe simama nyuma yake juu ya stuli utazame utosi kutoka juu. Kitovu cha kipimapembe kiwe juu ya utosi, mstari wa chini ulingane na mstari wa kutoka bega hadi bega, na rula ndefu ifuate ncha ya pua. Ndivyo tunavyofanya hospitalini na goniometa, ambayo kwa kweli ni kipimapembe chenye mikono miwili. Kupima kwa macho peke yake usikubali. Wawili mkimwangalia mtu mmoja mtatofautiana vibaya, hata sisi wenye uzoefu.

Kila kipimo rudia mara tatu uandike zote, kisha tafuta wastani. Mwanafunzi aliyeanguka hivi karibuni, mwenye maumivu, mwenye kizunguzungu au mwenye homa asipimwe. Na mwenye homa ambaye shingo imekakamaa kiasi kwamba kidevu hakishuki kifuani apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hiyo inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo.

Mambo vipi dada? Kinyozi wangu akimaliza kunyoa ananisinga kichwa, halafu ananivunja shingo "kaa!" kulia na kushoto. Nikitoka pale naona inageuka zaidi. Si ina maana inasaidia? Kijana wa Temeke.

Salama, mdogo wangu. Mwambie aache. Msingo auendeleze, kuvunja aache.

Ule mlio ni mapovu ya hewa ndani ya majimaji ya viungo, haurudishi mfupa wowote mahali pake kwa sababu hakuna mfupa uliokuwa umetoka. Kuona inageuka zaidi ni kweli kwa muda mfupi, misuli imelegea. Ungepata hicho hicho kwa taulo la maji ya moto na kugeuka polepole mwenyewe.

Tofauti kubwa ni nani anageuza. Ukigeuka mwenyewe, shingo inakuambia imefika na unasimama. Akigeuza mwingine kwa ghafla, anapita pale shingo ilipotaka kusimama. Ndani ya mifupa ya shingo kuna matundu pande zote mbili, na mishipa miwili ya damu inayokwenda kwenye ubongo imepita humo. Mzunguko wa ghafla unaweza kuuchana ukuta wa mshipa, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi akiwa na miaka 30. Ni nadra. Mimi sitaki uwe wewe.

Mwanangu, salamu nyingi kutoka Pangani. Baba yenu hapa ana miaka 74. Zamani akitoa salamu mwisho wa swala alikuwa anageuka mpaka wa safu ya nyuma wanaliona shavu lake lote. Siku hizi anageuka kidogo, na anageuka na mabega. Hasemi kama anaumwa. Naogopa. Je, ni uzee tu au kuna jambo?

Shikamoo bibi. Nimeisoma barua yako mara mbili. Hujampima kwa kifaa, lakini umemtazama mtu mmoja, kitendo kilekile, miaka na miaka, na ukaona tofauti. Madaktari wachache wanapata nafasi hiyo.

Ile kazi ya Minnesota niliyomtajia kijana wa bodaboda ilionyesha kwamba kila miaka kumi shingo hupoteza takriban nyuzi tatu za kugeuka, na tano za kutazama juu. Baba akiwa na 24 tuseme alikuwa anageuka 72. Imepita miaka 50, toa 15, inabaki 57 hivi. Kwa hiyo kupungua kwenyewe hakunishangazi. Hata kugeuka na mabega ni mwili wake kutafuta njia, na si vibaya.

Ninayotaka kuyajua ni mengine. Je, imekuja polepole kwa miaka, au imekuja mwaka huu? Je, salamu ya kulia na ya kushoto zinalingana, au upande mmoja umekufa kabisa? Na sasa, bibi, acha shingo umtazame mikono na miguu. Anahangaika kufunga vifungo vya kanzu? Kikombe kinamponyoka? Anatembea kwa kujitanua miguu kama anayeogopa kuteleza, au anasema miguu mizito? Haja ndogo inamponyoka? Moja tu ya hayo likiwepo, mpeleke hospitali wiki hii hata kama hasemi anaumwa, kwa sababu uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa shingoni bila maumivu yoyote, na ukicheleweshwa haurudi ulivyokuwa. Msikubali mtu yeyote amnyooshe wala kumvuta shingo kabla hajapimwa.

Kama hayo hayapo, fanyeni hivi nyumbani. Jioni, baada ya kuoga maji ya vuguvugu, akae kwenye kiti cha mbao chenye mgongo. Wewe simama nyuma yake uweke viganja vyako juu ya mabega yake, usiminye, ziwe za kumkumbusha tu. Ageuke kulia polepole mpaka anapofika mwenyewe, ahesabu hadi tano, arudi kati, ageuke kushoto. Mara tano kila upande. Akisikia kizunguzungu asimame hapo na msiendelee.

Halafu siku ya kwanza ya zoezi, chukua futikamba, kama huna azima kwa fundi cherehani wa jirani. Pima kutoka ncha ya kidevu hadi ncha ya bega la kulia akiwa amegeuka kulia, kisha kushoto vivyo hivyo. Mjukuu aandike sentimita na tarehe kwenye karatasi. Iweke kwenye kasha pamoja na kadi yake ya hospitali, na baada ya miezi mitatu mpime tena kwenye kiti kilekile, kwa mkono wako huohuo, kisha uniandikie namba zote nne.